Sauti ya Mwenye Nyumba ya Wageni

4 Februari

Kaka,

Hujambo huko uliko? Sisi tunapumua. Bomba la jikoni limerudia ugonjwa wake na nimelifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli mpaka fundi apatikane. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kusaga vioo vya miwani. Haipigi kelele kama ile ya zamani, na bosi anaizunguka kama bwana harusi. Jirani yetu Mfamasia anakusalimu. Fundi Lifti naye anakusalimu, anasema makala yako ya mwezi uliopita aliisoma akiwa amening'inia juu ya ghorofa ya sita, ikampandisha hasira, na hasira ikamsaidia kukaza nati.

Baba ni yuleyule. Tangu tumzike Mama mwezi wa Desemba hasemi. Si kwamba hawezi. Daktari amemtazama koo na kichwa akasema viko salama. Asubuhi anavaa shati lake la kazi, kama kwamba bado kuna viwanja vya watu vinamsubiri akavipime, anakaa dirishani, jioni analivua. Majirani bado wananiuliza kwa nini hukuonekana mazishini. Nawaambia barabara ilikuwa mbaya. Kama nasema kweli au uongo, unayejua ni wewe.

Mimi nakula, nalala, nasaga vioo. Sijalia. Watu wananisifu kwamba nina moyo. Sina hakika kama huu ndio wenyewe.

Sasa nikupe jipya. Fundi Lifti alikuja na kisanduku alichopewa na binamu yake, akasema Mzee hahitaji dawa, anahitaji meza yenye watu. Ndani mlikuwa na kitabu cha sheria kisicho na jalada na dadu za ajabu, nyingine zina nyuso nne, nyingine ishirini. Ni mchezo wa kukaa na kusimulia. Kila mchezaji anajitungia mtu wake na kumpeleka safarini. Lakini mmoja wa waliokaa hana mtu wake. Huyo anaitwa mwendesha mchezo. Yeye ndiye barabara, ndiye mvua, ndiye mlinzi wa lango na mbwa wa mlinzi wa lango. Anawaambia wenzake mko hapa, mnaona hiki, kisha anawauliza mnafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua.

Kiti hicho hakikugombewa. Fundi Lifti alisoma sheria kurasa mbili akapiga miayo. Mfamasia akasema yeye mchana kutwa anasoma maandishi madogo kwenye vikopo vya dawa, Jumapili hataki. Nikabaki mimi.

Jumapili ya kwanza Baba alikaa tu. Nikachora ramani ya nchi yetu ya kutunga, milima hapa, mji pale, mto katikati. Akaitazama. Akachukua penseli mkononi mwangu, akaufuta mto wangu, akasema, "Mto haupandi mlima."

Fundi Lifti ndiye aliyejikaza: "Mzee, huo ni mto wa kichawi."

"Hata wa kichawi," Baba akasema. Kisha akanyamaza mpaka tukafunga kisanduku.

Utakuja lini?

Mdogo wako


22 Februari

Kitindamimba wetu,

Salamu zako zimefika, nami nimezigawa, yaani nimejisalimia mwenyewe, maana chumba hiki hakina mwingine. Mzima wa afya ila goti la kushoto. Nimehamishiwa meza ya karibu na mlango, eti kuna mwanga. Kuna upepo. Mhariri wangu, mtu mwenye shingo ndefu na hoja fupi, amekata aya mbili za mwisho za makala yangu, na hizo ndizo zilikuwa makala. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijivu juu ya kijivu. Hayo ndiyo mapya yangu.

Nafurahi Baba ameufuta mto wako. Ulistahili.

Lakini nikuulize, watu wazima wanne, mmoja anakaribisha vifo kwa lifti kila siku, mwingine ana ufunguo wa kabati la sumu, mnakaa mezani kucheza nyumba-nyumba? Haya, hilo naliacha, kila mtu na upuuzi wake. Kisichopita kooni ni hicho cheo chako. Mwendesha mchezo! Nimekaa nalo neno hilo siku nzima. Huyo anajua njia zote, anawaacha wenzake wadhani wanachagua. Anajua nyuma ya mlango wa kushoto kuna shimo na nyuma ya mlango wa kulia kuna shimo, halafu anauliza kwa upole, "Mnapenda upi?" Mdogo wangu, nimeishi chini ya watu wa namna hiyo maisha yangu yote na nimelipwa mshahara mdogo kuwatukana. Wanakupa kura na wanakaa na sanduku. Tofauti yako na wao ni kwamba wewe unapika chai.

Na hizo dadu ni kisingizio tu. Mkubwa yeyote anayetaka kufanya jambo bila kulaumiwa hutafuta kitu cha kurusha juu.

Niambie angalau kwamba unarusha mbele ya macho yao.

Kaka yako


9 Machi

Wakili,

Hatujambo. Bomba limepona. Bosi wangu amekata kidole kidogo kwa ile mashine yake mpya na sasa haizunguki tena, anaipita kwa mbali kama mkopeshaji. Mfamasia amesoma barua yako, nilimruhusu. Amesema wewe ungekuwa kidonge ungeandikiwa "kunywa baada ya chakula tu."

Umeniuliza kama wakili mahakamani, nakujibu. Hapana, sirushi mbele ya macho yao. Nina kipande cha kadibodi nimekisimamisha mbele yangu na narushia nyuma yake. Mara mbili nimeona namba nikasema nyingine. Mara ya kwanza ilikuwa mtu wa Fundi Lifti angekufa kwa kuteleza kwenye ngazi, naye alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini ambako mwenzake nusura aanguke. Mara ya pili sikuambii. Kama huo ni udikteta, uandike.

Lakini ungekaa kile kiti mchana mmoja ungejua nani anamtumikia nani. Niliandaa daraja lililoungua, na majambazi, na siri ya mfalme. Kazi ya siku tatu, nikiandika huku nasubiri vioo vipoe. Wakafika barabarani, Mfamasia akauliza, "Kuna mtu yeyote hapa?" Nikasema, ili nisiseme hakuna, kuna muuza punda. Basi! Mchana mzima ukaishia kwa muuza punda. Wakataka kujua ana watoto wangapi. Wakataka kujua kwa nini punda mmoja ana huzuni. Nikawa muuza punda, nikawa mke wake, nikawa punda. Daraja langu mpaka leo linaungua peke yake. Dunia yote ni yangu, ndiyo, lakini ni yangu kama nyumba ilivyo ya mfagiaji.

Sasa ninalotaka kukuambia.

Jumapili iliyopita walinyeshewa, mchezoni, wakaona taa, wakagonga nyumba ya wageni. Sikuwa nimeiandaa. Fundi Lifti akauliza, "Nani anafungua?" Nikasema mwanamke mtu mzima. "Anasema nini?" Mdomo ukachukua kilichokuwa karibu:

"Haya, matope yenu yabaki huko huko, nyie ingieni."

Maneno ya nani mlangoni petu, sina haja ya kukuandikia. Hata ile sauti ya puani ilitoka. Sikuipanga.

Baba aliinama. Nikadhani ameangusha penseli. Alikuwa anavua viatu, vya kweli, chini ya meza.

"Nimevua," akasema.

Nami, sijui kwa nini, nikasema kwa sauti ileile, "Na soksi?"

"Na soksi."

Kisha akamwuliza mwenye nyumba ya wageni kama mgongo bado unamsumbua. Mfamasia alikwenda kujaza birika lililokuwa limejaa. Fundi Lifti alitazama dadu zake kama anayehesabu mbegu. Nikamjibu Baba kwamba mgongo una nafuu. Wakazungumza. Alizungumza, Kaka, sentensi ndefu zenye vituo ndani.

Tulipofunga kisanduku akasema kila Jumapili anataka turudi kwenye nyumba ile.

Hukunijibu utakuja lini.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Natumai wote hamjambo. Nimechelewa kwa sababu ya kazi, na kwa sababu barua nne za kwanza nilizokuandikia hazikufaa kupita mikononi mwa mtu wa posta. Goti vilevile. Ngazi zimepakwa tena kijivu.

Muue.

Nasema huyo mwanamke wa nyumba ya wageni. Dari limwangukie, homa imchukue, aolewe mbali, utajua wewe, si ndiwe barabara na mvua? Muondoe kabla Jumapili nyingine haijapita. Mtu anaweza kukumbuka wafu wake, na mtu anaweza kuwaajiri. Wewe umemwajiri. Umemvisha aproni, umemweka mlangoni, na anafungua kila akigongewa, jambo ambalo aliye hai hakulifanya hata siku moja bila kuuliza kwanza ni nani.

Nilikuandikia Februari kuhusu watu wanaowapa wenzao mlango wenye shimo. Nilikuwa nachokoza. Sasa sichokozi. Baba hana mke. Hilo ni jambo la kweli, gumu, na ni lake. Wewe umelichukua ukampa mke wa kadibodi, na anakushukuru, na hilo ndilo baya kuliko yote. Ningeweza kumsamehe mwongo anayedanganya ili apate kitu. Anayedanganya kwa huruma hana pa kukamatwa. Kila ukimwuliza anakuonyesha machozi ya aliyefarijika.

Na nikuulize lingine, maana hujajiuliza. Ni Baba anayetaka kurudi kule kila Jumapili, au ni wewe?

Kaka yako


14 Mei

Wakili,

Hatujambo wote. Mfamasia ana mafua, mgonjwa wa dukani kwake mwenyewe. Kazini tumepokea fremu za watoto, za rangi. Zinachosha macho.

Sikumuua. Nilijaribu. Nilileta wanajeshi mlangoni. Baba aliwakaribisha chai na kuwauliza kambi yao imepimwa na nani. Nilileta habari kwamba barabara ya kaskazini iko wazi na hazina haina mlinzi. Akasema vijana waende, yeye ataziba paa. Nikachoma paa. Mtu wake alipanda na ndoo, Baba akarusha dadu ya nyuso ishirini mbele yetu sote, ikasimama kwenye ishirini. Moto ukazimika. Sheria ni sheria.

Usidhani wenzetu wamefurahi. Mfamasia alilipuka juzi: "Mimi mtu wangu ni mwizi mashuhuri! Tumekwama kwa huyu mama tangu mvua za Machi. Nimeshaiba vijiko vyake vyote. Nimeanza kuvirudisha ili nipate cha kuiba tena."

"Mimi wangu amenenepa," Fundi Lifti akasema. "Silaha yake haimfungi kiunoni."

Baba alicheka. Sauti kavu, kama kabati linalofunguliwa. Na Jumanne, jikoni, hakuna mchezo wala meza, alinitazama akasema, "Mkate umekwisha." Nilikwenda kununua mkate. Nilisimama kwenye foleni nikangoja nisikie furaha. Watu walikuwa watatu mbele yangu. Nikalipa, nikarudi.

Umeuliza ni nani anayetaka. Ninapokuwa yeye sisikii kitu, si utamu wala uchungu. Ni kama kioo kabla hakijasagwa. Ukikishika mbele ya jicho unaona kila kilichopo, kwa ukubwa wake uleule, bila msaada. Mwendesha mchezo hana mtu wake mezani. Nilikuambia tangu mwanzo. Haulizwi.

Hayo ndiyo majibu yako. Yangu, utakuja lini, bado nayangoja.

Mdogo wako


30 Mei

Kitindamimba,

Salamu kwako, kwa Baba, kwa Mfamasia na mafua yake, kwa Fundi Lifti na kiuno cha mtu wake. Hapa kazini wameondoa saa ya ukutani kwa matengenezo na imebaki duara safi ukutani. Kila mtu analitazama na kuondoka akiwa na haraka. Nimeandika makala kuhusu hilo. Mhariri ameipenda, kwa hiyo nadhani ni mbaya. Mvua hakuna. Nimenunua viatu vinavyonibana na nimeamua kuwa na msimamo.

Nimesoma tena kuhusu mambo ya usimulizi, maana sipendi kubishana na mtu huku sijasoma. Nakubali pointi yako moja, ya muuza punda. Msimulizi wa vitabu hukaa na maiti. Wahusika wake hawawezi kumwuliza jambo asilolitaka. Wewe unakaa na watu wenye midomo. Kazi yako ni ngumu kuliko ya waandishi, na ni ngumu kuliko ya watawala pia, ambao wakiulizwa habari za punda hufunga mkutano. Nimeshindwa hapo, andika tarehe.

Lakini mbona huniambii wanazungumza nini? Unaniandikia ndoo, paa, vijiko. Yeye na Baba wanaongea nini? Anamwitaje? Je, anakohoa kabla ya kusema jambo la maana, kama zamani?

Nina ombi. Jumapili ijayo, au yoyote itakayokufaa, huyo mwenye nyumba ya wageni amwulize Baba kama ana mtoto wa kiume. Basi. Kama anaye, yuko wapi. Usiongeze chochote. Kisha uniandikie alivyojibu, neno kwa neno, usipambe.

Ninakumbuka nilichokuandikia mwanzoni mwa mwezi huu, usinisomee. Na habari za Desemba usiniulize tena, kwa sababu sitajibu.

Kaka yako


21 Julai

Kaka,

Hatujambo. Baba anakula vizuri. Mfamasia amepona, Fundi Lifti amepandishwa cheo na sasa anatuma wengine wakaning'inie. Amekuwa mpole, hafai kwa utani. Dukani tumepunguza saa za kazi.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Tangu nianze kukaa kile kiti nimekuwa na mwiko mmoja, sipitishi mezani ujumbe wa mtu wa nje. Ukianza hivyo huna tena mchezo, una simu. Mfamasia aliwahi kuniomba joka limwambie Fundi Lifti arudishe ngazi yake aliyoazima. Nikakataa, tukacheka. Kwako nilikataa Jumapili ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Nilikuwa nikikaa, naiona sentensi yako, naipita. Kisha Jumapili moja sikuipita. Sikuamua, ila nilichoka kuipita.

Mtu wa Baba alikuwa juu ya ngazi, anarekebisha mfereji wa paa la nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akatoka na maji ya kunywa. Nikasema kwa sauti yake:

"Una mtoto wa kiume wewe?"

Ujue kwamba Baba anapozungumza naye hanitazami. Anatazama ukingo wa meza, pale pembeni ya ramani. Siku hiyo aliinua macho akanitazama mimi.

"Hilo si swali lake," akasema.

"Mwenye nyumba anauliza," nikasema.

"Yeye hakuwa na haja ya kuuliza. Siku zote alikuwa anajua yuko wapi. Asiyeuliza nilikuwa mimi." Akaweka penseli chini, akainyoosha iwe sawa na mstari wa kaskazini, unajua anavyofanya. "Mwambie kaka yako aje aulize mwenyewe."

Mfamasia alikuwa ameshika kikombe mdomoni, hanywi, haweki.

Umetaka neno kwa neno, ndiyo hayo. Yaliyofuata hukuyaomba lakini nakupa, kwa sababu ni yako pia.

Baba akasema, "Mtu wangu anashuka kwenye ngazi. Anarudisha kikombe. Anamshukuru mama kwa malazi, anaaga." Akangoja. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kama anamkumbusha mwanafunzi wa kazi: "Yeye anasema nini?"

Nikatafuta. Kaka, tangu Machi sikuwahi kutafuta. Nilikuwa nafungua mdomo tu. Nikaenda mpaka pale inapokaa ile sauti, hapakuwa na mtu. Wenzangu walikuwa wananingoja. Nikasema, kwa sauti yangu hii ya kila siku:

"Anasema, nendeni salama."

Maneno ya mwenye nyumba ya wageni yeyote, barabara yoyote.

Baba alitikisa kichwa kukubali. "Ndiyo," akasema. "Huyo hasa ndiye mwenye nyumba ya wageni." Akachukua dadu zake akawaambia wenzake, "Haya, twendeni. Mfamasia, rudisha vijiko."

Wameondoka. Jumapili zilizofuata wamevuka daraja, lile lililoungua, Baba amelichorea jipya. Mfamasia ameiba farasi wa chifu na anafukuzwa nchi nzima, sijamwona na furaha kama hiyo. Nyumbani Baba anasema mambo ya kawaida. Chumvi imezidi. Nani aliacha taa. Hamtaji.

Nimejaribu ile sauti jikoni nikiwa peke yangu. Haiji. Nakumbuka maneno yote, naweza kukuandikia, lakini nikiyasema ni mimi ninayeyasema. Hata hatua zake sijui tena kama nazikumbuka au nazitunga.

Nilidhani nitakukasirikia. Nimeingoja hasira mwezi huu wote. Nimemweleza Mfamasia, akakasirika yeye kwa niaba yangu, akakutukana vizuri sana, nikamsikiliza kama habari za redio. Wewe uliyeniambia nimuue ndiye uliyemuua, na wala hukukusudia. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Ujumbe umeshaupata. Aliyeutuma ni Baba, mimi nimebeba tu. Sitakuuliza tena lini.

Mdogo wako


5 Agosti

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kwa basi la asubuhi. Usije stendi.

Nimeandika la kumwambia Baba nikalichana, nikaandika tena nikalichana, mimi ninayekula kwa kuandika. Kila nikilisoma naona nina hoja. Baba ana hoja pia, zote nazijua tangu tulipogombana, nimemjibu kichwani miaka mingi na nimemshinda kila mara, kisha Mama akafa na mimi bado nilikuwa nimeshinda.

Kuhusu sauti sina la kukuambia. Nimetafuta neno. Natumaini hutadhani ni kiburi.

Nitaingia, nitamwamkia, nitamwuliza lile swali nikiwa nimesimama. Meza iwe tupu, usiweke dadu wala ramani. Na wewe ukae popote utakapo, ila akinyamaza, nyamaza nawe. Usimsemee.